Mwaka Tuliochagua Meya wa Mtaro

Dzaleka ilikuwa gereza kabla haijawa kwetu, na sisi wakimbizi hatukuwa na jiji. Lakini meya tulimtaka. Afisa wa Malawi aliyesimamia kambi alitangaza kwamba upande wetu uchague mwenyekiti, basi, mtu wa kupeleka malalamiko ofisini na kurudi na jibu la hapana. Sisi tuliotoka Bukavu tukasema mwenyekiti ni wa chama cha wauza makaa, sisi tutachagua meya. Warundi wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha nao wakaanza kusema meya. Mwezi haukuisha, afisa mwenyewe akawa anasema meya, huku akijikuna shingo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Zaire ikiitwa bado Zaire. Warundi ndio waliokuwa wengi upande wetu, watu wa vilima na wa jembe, wanaoamka kabla ya jogoo na kusalimiana kwa dakika tano. Sisi wa Bukavu tulikuwa wachache, ila makelele yetu yaliwatosha watu mia. Tulikuwa na shule, tulikuwa na Kifaransa, tulikuwa na viatu. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa kike, tena mwenye mdomo. Niliishi na mama yangu mzazi katika nyumba ya matofali mabichi, chini kabisa ya mteremko, pale ambapo maji yote ya kambi yalikuja kupumzika: ya mvua, ya kufulia, na mengine ambayo sitayataja kwa heshima ya msomaji.

Mvua za mwaka uliotangulia zilituangushia ukuta wa nyuma. Ulianguka mchana mama akiwa amelala, ukaishia hatua moja kutoka kichwani pake. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu safarini, hakuweza kusimama bila kushikwa. Kukimbia ndiyo usiseme. Nilimtoa kwa kumburuta juu ya shuka kama gunia la mahindi, yeye akinigombeza kwamba nachafua shuka. Ukuta tuliujenga upya kwa udongo uleule uliotusaliti. Kwa hiyo mtu akisema uchaguzi ule ulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi, simkatalii, tulicheka sana. Ila mimi nilikuwa na swali moja tu: mtaro wa kuyageuza maji utachimbwa lini, kabla au baada ya ukuta kumfunika mama yangu?

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa wa kwetu, karani wa zamani wa komini, ofisi ya mji, kule Bukavu, aliyekuwa akipiga mashini vyeti vya kuzaliwa na ambaye, kwa sababu hiyo, aliona ni kama yeye ndiye aliyetuzaa. Alivaa koti hata kwenye jua la Oktoba, jua la Dowa, wilaya yetu, linalokausha mate mdomoni. Mtaro hakuuita mtaro, aliuita kanivo, na kanivo, alisema, ni kazi ya Leta, yaani ya serikali.

"Bandugu," alituambia kwenye mkutano wa kampeni, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, "jiji njo inalipaka kanivo! Kule Lilongwe, jiji inalipa, na simenti iko, na hakuna muntu anashika jembe. Sisi tukishika jembe leo, kesho batasema: kumbe banaweza! Na hawatalipa tena hata siku moja!"

Maneno hayo yalitukolea. Tulikuwa tumechoshwa na salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi kule Zaire, ambapo ulifagia barabara ya mkubwa bure na juu yake ukatakiwa uimbe. Hatukuvuka nchi nzima nzima kuja kufanya salongo Malawi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Wa pili alikuwa Mrundi, mkulima, mzee wa kanisa, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko kichwa. Hotuba yake ilikuwa hii, nzima: "Kila nyumba itoe muntu na jembe asubuhi moja kwa juma. Nyumba ambayo haina nguvu itapika maharage ya bale banachimba. Nimemaliza." Akakaa chini. Hata makofi hakuyasubiri. Tukapiga miluzi, tukasema huyu hata kudanganya hajui, atatuongozaje?

Tatizo ni kwamba mtaro, ili usaidie nyumba za chini, ulipaswa kupita mbele ya milango mitatu ya watu wa Bukavu, na mlango wa tatu ulikuwa wangu. Kabla hata ya uchaguzi yule mzee alinijia na wenzake wawili, wamebeba vijiti na kamba. Alivua kofia.

"Mama, tunakuomba tupitishe mtaro hapa kwako. Mvua iko karibu."

"Nani analipa?" nikamwuliza.

"Hakuna anayelipa, mama. Tunachimba tu."

"Basi mkachimbe kwenu! Hapa tunangoja jiji."

Alinitazama, akatazama ukuta wangu wa nyuma, akavaa kofia, akaondoka. Mama yangu alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Hakusema kitu, na mama yangu kukaa kimya ilikuwa habari mbaya kuliko redio.

Sasa, mgombea wetu alitaka kitambaa cha meya. Mnakijua, kile kipande kipana kinachopita begani na kushuka ubavuni, burgumestre, yaani meya wa kwetu, alikivaa siku za sikukuu. Ushindi wenyewe haujapatikana, mtu ameshapimwa bega. Kazi hiyo alinipa mimi, na nisingeweza kumkatalia hata kama ningetaka, maana mpakani ni yeye aliyetusemea kwa askari, mimi na mama, tulipokuwa tumebaki bila karatasi na bila sauti. Alitaka satini, kijani na njano, na nyuzi za dhahabu zikining'inia mwishoni. Kambini satini ungeipata wapi? Nikapanda matola, gari la mizigo linalobeba na watu, nikaenda Lilongwe.

Nikiri kwamba nilikwenda pia kuiona hiyo kanivo ya simenti. Na niliiona! Upande wa maofisi ya serikali ilikuwepo kweli, safi, imenyooka, unaweza kulaza mtoto ndani yake. Nilisimama nikaitazama kama mtalii, mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Moyo ukatulia. Nikasema, meya wetu si mwongo.

Kisha nikaenda soko la Chilinde kutafuta satini. Nilikuta wauza nyanya wamekunja vitenge mpaka magotini, wanazoa tope jeusi kwa sahani na vipande vya bati kutoka kwenye shimo refu lililopita katikati ya meza zao. Harufu yake ilikusalimia kabla ya wenyewe. Kichewa changu kilikuwa cha kununulia chumvi, lakini kilitosha. Nikamwuliza mama mmoja: jiji halilipi watu wa kuchimba?

Aliacha kuzoa. Akawaita wenzake, akawarudia swali langu. Jamani, walivyocheka! Mmoja ilibidi aegemee meza. Wakanieleza kwamba jiji linasema mtaro wa soko ni wa wauzaji, wauzaji wanasema ni wa jiji, kila anayetaka ukubwa anakuja kuapa kwamba atalipa, anakula nyanya moja, anakwenda zake. Mvua ikikaribia wanachimba wenyewe. "Utangoja, amayi," aliniambia yule mama, akiniita mama kwa Kichewa, akanifutia tope lililonirukia mkononi. "Utangoja mpaka uote majani." Satini alinionyesha yeye ilipouzwa, nami nikamshukuru, zikomo, nikaondoka na uso umenishuka.

Niliporudi mgombea wetu aliniuliza kuhusu satini. Nikasema ipo. Akaniuliza mbele za watu kama nimeiona kanivo ya Lilongwe. Nikasema nimeiona, ya simenti, nzuri sana. Watu wakashangilia. Habari ya Chilinde nikaimeza. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa nimeshasema maneno mengi mno kuweza kuyarudisha.

Siku ya uchaguzi tulipiga kura kwa mstari. Karatasi hazikuwepo: unasimama nyuma ya mtu wako, afisa anahesabu vichwa, mwisho. Uwanjani kulikuwa na mistari miwili, na kila mtu anamwona kila mtu. Mimi nilikuwa karibu kabisa na mbele katika mstari wetu, kitambaa cha meya nimekikunja ndani ya mfuko wa karatasi kwapani, tayari kwa bega lake. Viatu vya mstari wetu vilikuwa vinang'aa kama vya harusi. Afisa alikuwa anaangalia saa, maana gari lake lilitakiwa kumrudisha Dowa.

Ndipo ikaja baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, na kwenye kiti cha nyuma amekaa mama yangu.

Mama yangu! Aliyeniambia asubuhi kwamba hatoki, miguu inamuuma! Amevaa kitenge chake cha misa ya Pasaka. Mwenye kabaza akasimama, Warundi wawili wakamshusha, wakamkalisha kwenye kigoda. Katika mstari wao. Katikati ya mstari wao, amenyooka, ananitazama usoni bila kupepesa.

"Aka!" akasema mwanamke nyuma yangu. "Huyu haiko mama yako?"

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Dzaleka hupasuka inapotaka yenyewe. Mgombea wetu aligeuka, akamwona, akanitazama. Nikainamisha kichwa nikawa nasoma mfuko wa karatasi.

Na mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu sisi watu wa Bukavu. Kwetu mvua ni sababu. Mvua ikinyesha huendi kazini, na mkubwa wako hakuulizi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajafika. Misa inangoja, harusi inangoja, hata mwenye kukudai anangoja chini ya paa la jirani. Mvua ikikatika, kila kitu kinaendelea pale kilipokuwa kimeachwa. Hatujawahi kufundishwa hivyo, tumezaliwa tukiwa tunajua. Basi mstari wetu wote ulitawanyika kukimbilia kwenye kuta za gereza la zamani, viatu mkononi, mgombea wetu mbele kabisa na koti kichwani, wala hakuna aliyedhani anaacha kitu. Tutarudi, tutajipanga tena, watahesabu.

Warundi hawakusogea. Mtu wa shamba akikimbia kila mvua atalima lini? Walisimama tu, maji yakiwatiririka puani, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mama kwenye kigoda, kitenge cha Pasaka kimemgandia mwilini.

Nilitoka ukutani nikamkimbilia. Si kwa kura. Nisikilizeni vizuri, si kwa kura. Nilikwenda kumwondoa, na nilikuwa na hasira ya kuua nyoka.

"Simama, twende!"

"Siendi. Banahesabu."

"Hakuna anayehesabu, mvua inanyesha! Unanitia haya mbele ya watu wote! Bora ningekuacha Bukavu!"

Ndivyo nilivyosema. Kwa mama yangu, kwa sauti, mbele ya Warundi. Yeye akafuta maji usoni kwa kiganja.

"Mi sitoki hapa," akasema. "We rudi kwa benzako."

Sikurudi. Nilimvuta mkono, akajizidishia uzito kama mtoto anayekataa kuoga, nikamwachia. Nikabaki nimesimama kando yake, nimetandaza mfuko wa karatasi juu ya kichwa chake, na mfuko ulipoloa ukachanika, satini ya Chilinde ikaanza kutoa rangi. Kijani kilinishukia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Afisa akapita chini ya mwavuli wake, akinyoosha kidole kichwa kwa kichwa. Alimhesabu mama. Akanihesabu na mimi. Akafika mwisho wa mstari, akautazama mstari wetu wa Bukavu, ambao sasa ulikuwa ndoo moja iliyopinduliwa, akamtangaza mzee mwenye mikono mikubwa kuwa meya, akapanda gari.

Vita ikaanza hapo. Mgombea wetu aliandika barua ya kupinga, kurasa tatu za Kifaransa kwa afisa asiyejua Kifaransa. Hoja yake ilikuwa kwamba mvua ilisimamisha uchaguzi, kila mtu aliliona hilo, kwa hiyo kura irudiwe mvua zikipungua. Na mpaka hapo, hakuna jembe kupita kwenye mlango wa mtu wa Bukavu, kwa kuwa kuchimba ni kumkubali meya wa uongo. Mzee wa Warundi alisema yeye hachimbi mlangoni kwa mtu bila ruhusa. Wakati wanabishana, mvua iliendelea na kazi yake. Siku ya nne niliona ufa kwenye ukuta wa nyuma, juu ya kitanda cha mama. Asubuhi niliingiza ukucha. Jioni niliingiza kidole.

Tulihamia upande wa mbele, jikoni, mimi na yeye na cherehani. Maji yakaingia na jikoni. Mama alikaa juu ya meza yangu ya kushonea, miguu imening'inia, anakunywa chai. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Afisa alituita ofisini. Wagombea wote wawili walikuwepo, na Mrundi mmoja aliyekuwa amejifunza Kichewa haraka ndiye aliyetafsiri. Mgombea wetu alisema watu wa Bukavu wote, bila kumtoa mmoja, walielewa kwamba kura imesimama. Afisa akafungua daftari lake: na huyu mwanamke aliyesimama kwenye mvua, je? Na yule mama mzee?

"Yule mama hatembei," mgombea wetu akajibu. "Na huyu dada alikuja kumtoa mama yake tu. Mwulizeni mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Afisa akasema, kama ni hivyo, basi ni kweli, hakuna mtu wa Bukavu aliyejua kwamba kura inaendelea, na atairudia kura baada ya mvua. Kama nilijua na nikapiga, basi waliokimbia walikimbia kwa hiari yao na jambo limekwisha. Akaniuliza polepole, kwa adabu, akiniita amayi: ulikuja kupiga kura, au ulikuja kumchukua mama yako?

Mkono wangu ulikuwa bado na kijani, rangi ile ilikataa sabuni ya kila namna. Nilimwona mgombea wetu amekaa na koti lake, ametulia, ana hakika nami. Ndiye aliyetusemea mpakani. Na alikuwa anasema kweli, mara moja hiyo katika kampeni nzima alikuwa anasema kweli tupu.

"Nilikuja kupiga kura," nikasema. "Nilijua wanahesabu. Mvua haina mamlaka juu ya uchaguzi."

Mgombea wetu hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Hata we, dada?" akaniuliza.

"Hata mimi."

Kesho yake asubuhi walikuja watu na majembe zaidi ya nilioweza kuwapikia. Mama aliamuru maharage kutoka juu ya meza kama jenerali. Mtaro ulipita mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu, mpana, wenye tuta upande wa chini, jinsi wanavyochimba kwenye vilima vya kwao, na maji yakapata njia nyingine ya kwenda. Wanawake wa Bukavu waliacha kunisalimia, nguo zao wakampelekea fundi wa kiume ambaye mikono ya blauzi aliishona kama miguu ya suruali. Mgombea wetu aliendelea kuitwa meya mpaka siku alipoondoka kambini, na sisi tulikuwa na mameya wawili, mmoja wa kuchimba na mmoja wa kuheshimiwa. Nilimkuta mara moja akikagua mtaro, mikono nyuma. Nilimsalimia. Aliitikia kwa Kifaransa.

Mama alimwambia kila mgeni kwamba binti yake ana akili, alisimama kwenye mvua akachagua mbele ya Bukavu nzima. Nilimwacha aseme. Kila aliposema nilitafuta kitu cha kufanya nje.

Mvua za mwaka uliofuata mama hakuinuka tena. Maji ya miguu yalikuwa yamepanda tumboni. Siku moja mchana, mgeni aliyekuwa akisimuliwa habari hiyo ametoka, mama aliniita nikae.

"Ulikuya kunitoa," akasema. "Minajua. Ukasema ungeniachaka Bukavu. Nilisikia muzuri."

Nikanyoosha shuka lake lililokuwa limeshanyooka.

"Lakini ulibakia," akasema. "Ule afisa alihesabu muzuri."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikamwambia anywe chai, inapoa. Alikufa siku ya sita baada ya hapo, mvua ikinyesha, ukuta umesimama juu ya kichwa chake.